Maji ya sukari ya mama mukwe yangu

Leo asubui nimekuta mama mukwe yangu na kijiko ya maji ya sukari kwa kanwa ya mutoto yangu!

Nilikuwa inje naanika bitambaa. Mutoto hajamaliza hata mwezi.

"Mama, unafanya nini?"

"Analia usiku juu maziwa yako haina nguvu. Na hii atalala mpaka asubui. Minye nililea batoto, weye ulilea nani?"

Munisikie muzuri.

Alipozaliwa, mutoto uyu alikuwa analala sana. Ngozi yake ilikuwa njano, hana nguvu ya kunyonya. Infirmière wa hospitali aliniambia nimuamushe, nimunyonyeshe hata usiku, juu tumbo yake iko kadogo. Nilikuwa namuvuta miguu huku nalia, aamuke.

Sasa anajiamsha mwenyewe, analilia ziwa kwa nguvu. Na weye, mama mukwe, unataka kumurudisha kwa ule usingizi?

Nikamupokonya kikombe ya ile maji, nikamwaga yote inje.

Mama mukwe akalia kama nimemupiga.

Bwana yangu akarudi kutoka kazi kwa kiwanda ya Shituru. Nikajisemea, uyu atanitetea.

"Chérie, ungemuacha tu mama. Hata siye tungelala."

Siye?! Mwenye anakoroma wakati minye nanyonyesha!

Nimetupa godoro yake kwa salon, sebuleni, karibu na mama yake. Chambre yetu ya kulala nimefunga na ufunguo.

Sasa bwana anagonga mulango, anaomba shuka.

Weye unataka kuniandikia "heshimu mama mukwe"? Andika. Lakini useme kwanza: kwako, nani anaamukaka usiku?