Kibandiko cha Barua

Mama mtunza stoo wa idara ya akiolojia amemzoea mwalimu huyu wa vipindi, anayepewa mkataba wa muhula mmoja mmoja kama dawa ya matone. Vidole vya mwalimu vina udongo usiotoka hata kwa sabuni, na sauti yake ni ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kigae cha chungu hukipapasa kwa dole gumba, akakutajia umri wake kabla hujavuta kiti. Kila barua ya kunyimwa kazi au fedha za utafiti huitia katika mfuko mdogo wa vigae, akaandika kibandiko: tarehe, mahali, hali.

Siku moja ilikuja barua nyingine, akaisoma amesimama.

"Wamesemaje, mwalimu?"

"Mwisho miaka arobaini, mama. Mimi nina arobaini na mbili." Akainua kigae mezani. "Huyu mwenzangu ana mia tisa, na bado anatafutwa."

Mama akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mwalimu alikuwa ameshainamia kibandiko. Penye hali, ambapo siku zote huandika "nzima," kalamu ilisimama kitambo, halafu akaandika "vipande." Barua yenyewe haikuwa na hata mchaniko mmoja.