Saumu ya Kiuno

Mwanangu, nakumbuka vizuri nilivyofika Amu, ndiyo Lamu. Nilitoka Mumias kwa basi, nikalala Nairobi kwa binamu, nikafanya vibarua Mombasa miezi miwili, nikachoka. Basi jingine likanifikisha Mokowe baada ya mchana kutwa, magoti yakisugua kiti cha mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na mwili mkubwa. Pale gatini nahodha wa boti alinitazama, akasema, "Bwana, wewe kaa kati. Na wenzako wataka kufika." Abiria wakacheka. Nami nikacheka, lakini neno lile nilivuka nalo.

Nikapata kazi ya kupaka chokaa nyumba za mji wa kale, chini ya Fundi Athmani. Chumba nilipanga kwa Bi Zuhura, mjane aliyeishi peke yake. Mafundi wenzangu walikuwa na utani mmoja tu: "Shuka, Kibonge, ngazi ni ya kuazima!" Kila siku ule ule, na kila siku uliniuma upya.

Nikaamua kukonda. Lakini Amu huli peke yako. Saa saba huja sinia moja la wali, mnalizunguka watu watano, na anayekula matonge matatu akanawa huulizwa kama anaumwa au kakasirika. Basi nikazua hila. Jumatatu na Alhamisi, siku za kufunga sunna, nikasema, "Nimefunga."

Utani ukakatika hapo hapo. Fundi Athmani akawaambia wenzangu, "Mwacheni, ana saumu huyo." Sikuwa na saumu, mwanangu. Maji nilikunywa kwa kujificha, na tango nikalila nimejifungia chumbani.

Habari zikamfikia Bi Zuhura, naye mwenyewe alikuwa mfungaji. Baada ya adhana ya magharibi akabisha mlango wangu, sahani mkononi: mkate wa mofa, viazi vya nazi, kaimati.

"Mashallah, mwanangu! Kumbe tu wawili nyumba hii." Hakuondoka. "Ukifungua, niombee binti yangu Mwanaisha. Yuko Kiunga, mimba imemlemea, na hospitali ni mbali. Dua ya mwenye saumu haitupwi."

"Nitamwombea, Bi."

Alipokwenda, futari ile niliwamwagia paka nyuma ya ukuta. Sikuomba. Ningeanzaje, hali sikufunga? Wiki saba mambo yakaenda hivyo. Aliniuliza, "Umemwombea?" nami nikajibu, "Nimemwombea." Mkanda wangu ukarudi nyuma matundu mawili, nikajitazama kiooni nikafurahi. Furaha ile ndiyo inayonichoma hadi leo.

Alhamisi moja adhuhuri Bi Zuhura alikuja karibu mbio mpaka tulipokuwa tukifanya kazi. Mwanaisha amejifungua, mama na mtoto wazima. Mbele ya mafundi wote akaniinulia mikono. "Ni dua yako, mwanangu! Ni saumu zako!" Mafundi wakaitikia, "Alhamdulillahi," na yule aliyeniita Kibonge akanipigapiga begani kwa heshima.

Nilishindwa kusimama pale. Nikamfuata kichochoroni nikamwambia yote.

Akauliza, "Hukumwombea hata siku moya?"

"Hata moja, Bi."

"Mimi nalikuwa nikilala, nikisema kuna mwenzangu anisaidia." Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Na huu mwili umekukosea nini? Ndio upandao ngazi, ndio unibebeao mai ya kisimani. Ungenambia, Bi, mimi sitaki mafuta, ningekupikia kunde. Ni nani alokwambia nitakucheka?"

Hakunifukuza; angenifukuza ingekuwa nafuu. Sahani tu ndiyo haikuja tena.

Nilivumilia wiki mbili, kisha nikafunga mizigo. Ilikuwa Jumatatu, yeye ana saumu yake, lakini adhuhuri aliniita uani akaniwekea wali na samaki wa kupaka. Akaketi kando. "Kula, nione." Nikala huku machozi yakinitoka. Akaniongeza, nikala tena. Nikamwomba radhi.

"Mimi nimekwisha kukusamehe," akasema. "Ya Mungu ni yako na Yeye."

Alasiri nikapanda boti, na Amu sikurudi tena. Nimezunguka miji mingi tangu hapo, nikanenepa tena, maana ndivyo nilivyo. Unene haujanitia aibu kama ile futari iliyoliwa na paka.

Nawe, mwanangu, nakuona unavyoisukuma sahani na kusema umeshiba, unavyobana tumbo ukipigwa picha. Acha. Ukianza kuuonea haya mwili wako, utaanza kuwadanganya wanaokupenda, na hutajua umefika wapi. Kula ukiwa na njaa, koma ukishiba, na usichotaka kiseme wazi kwa anayekupikia. Akikucheka mtu, mwambie umeumia, mimi sikuthubutu. Mungu akupe afya katika mwili huo huo aliokuumbia, akupe na ulimi wa kweli. Amina.