Mwalimu Harub na Uchaguzi wa 1912

Mwalimu Harub aliwachekesha wazee wenzake wa mtaa wa Hamriya. Tangu astaafu kufundisha historia, mwaka 1993, alikuwa akiandika kitabu cha Kiswahili juu ya uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1912. Wamarekani wenyewe wameshausahau, yeye yuko Maskati anawahesabia kura! Wakimuuliza kwa nini asiandike chaguzi zao za Unguja, alijibu kwamba hizo hazijapoa.

Kitabu kilikwenda vizuri. Alieleza namna Roosevelt, rais wa zamani, na Taft, rais wa wakati ule, waliokuwa chanda na pete, walivyogombana mpaka chama chao kikapasuka, wakatukanana hadharani, Wilson wa chama kingine akapita katikati akauchukua urais. Sura ya mwisho ndiyo iliyomshinda. Kwa miaka miwili hakuongeza hata mstari, maana ilimbidi aandike kwamba Roosevelt alipokufa, mwaka 1919, Taft alikwenda mazikoni akasimama kaburini analia.

Yeye Harub hakwenda. Mwaka 1961, siasa zilipopamba moto Unguja, watu wa vyama mbalimbali walisusiana maduka, harusi, hata maiti. Kaka yake, Aflah, alikuwa wa chama kilichopingana na cha Harub. Khole, binti wa Aflah, akafa kwa homa, ana miaka sita. Harub, aliyekuwa akimbeba mabegani kila Ijumaa, akabaki ndani kwa kuogopa wenzake wa chama watasema nini. Upuuzi mtupu, na alijua siku ile ile kuwa ni upuuzi. Baadaye ndugu wote wawili walikimbilia Oman, wakawa wanapeana mkono siku ya Idi, basi.

Mwaka 1998 akasikia figo za Aflah zimekwisha na madaktari wamekata tamaa. Harub akaingiwa na hofu ya kweli. Akachukua teksi mpaka nyumbani kwa kaka yake, Al Khuwair, akakaa kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Kaka Aflah, nimekuja kukutaka radhi. Kwa ajili ya Khole."

Aflah alimgeuzia uso. "Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nlisimama dirishani, nkaliona jeneza linapita."

"Nnajua. Nlikuona. Nkasema moyoni, sasa hivi atashuka." Akavuta pumzi kwa taabu. "Tulomzika tulikuwa watu saba, Harub. Alonisaidia kumteremsha kaburini, hata jina lake silijui mpaka leo."

Harub akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, wala hakuona haya.

"Nisamehe, kaka yangu."

"Mie nshakusamehe zamani," alisema Aflah. "Lakini Sayyida, mama yake Khole, alikufa hajakusamehe. Hiyo radhi yake siwezi kukupa mie."

Harub aliushika mkono wa kaka yake mpaka ikaadhiniwa magharibi.