Mshale Uliokataa Kushuka

Mke wa Mwalimu alikuwa na utani mmoja asiouchoka. Kila akiwasha jiko la gesi asubuhi, alimwinulia kiberiti.

"Tazama, Baba Watoto. Njiti moja tu! Wewe unaibembeleza gesi hii hii tangu kifungua mimba wetu hajaota meno, na bado inakununia."

Mwalimu alicheka. Kiberiti hutoa moto. Yeye alitaka umeme. Katika chumba chake cha maabara chuoni, mwisho wa korido, alikuwa na chupa ya asidi, na ndani yake kibati cha platinamu chembamba kama ukucha. Alipitisha gesi ya kupikia humo kwa mapovu. Ilipogusa kibati ilivunjika, ikatoa umeme kidogo, na mshale wa kipimo ukapanda. Kisha ukashuka. Siku zote ulishuka. Mabaki ya gesi yaling'ang'ania platinamu kama ukoko wa sufuria, na gesi mpya ikakosa pa kugusa. Akikisafisha, mshale ulipanda, ukashuka tena. Wanafunzi walimbandika jina la Mzee Ukoko, kwanza pembeni, siku hizi hata usoni pake.

Sasa Mkuu wa idara alikitaka chumba. "Nionyeshe mshale unaokaa, mzee mwenzangu, la sivyo naweka kompyuta humu."

Asubuhi ya kuonyesha, mshale ulipanda kuliko siku zote, ukakaa. Mzee Ukoko aliukodolea macho, akingoja ushuke. Wapi! Alimwita Mkuu mbio.

"Kumbe subira yavuta heri!" Mkuu akampigapiga begani. "Ngoja wakubwa wa chuo wamalize chai, nawaleta."

Mzee Ukoko alimpigia mkewe simu. Safari hii hakusikia utani, alisikia kwikwi za kilio. "Nilijua, mume wangu. Nilijua."

Ndipo alipokumbuka jambo ambalo furaha ilikuwa imemsahaulisha: kufunga bomba la gesi, auone mshale ukianguka, ahakikishe kuwa umeme unatoka kwenye gesi. Alifunga. Mapovu yakakoma. Mshale haukutikisika.

Aliinama akanusa chupa, kisha akamwita mama mwosha vyombo wa maabara.

"Mama, hii umeisuuza na nini?"

"Spiriti, Mwalimu. Maji yanachelewa kukauka, nami nikajua leo una wageni." Akamtazama usoni. "Nimeharibu?"

Kwa hiyo kibati kilikuwa kinakula spiriti iliyobaki chupani. Spiriti haina maringo kwenye platinamu; gesi ndiyo yenye maringo.

"Hujaharibu, mama. Umependezesha tu."

Aliutazama mshale. Angeuacha ulivyo, nani angejua? Wakubwa wangepiga makofi, waende zao. Lakini kesho angeamka na uongo huo, na keshokutwa. Akamwaga asidi, akasuuza chupa kwa maji mpaka harufu ikaisha, akatia asidi mpya, akafungua gesi.

Wakubwa waliingia wakijifuta midomo. Mshale ukapanda kidogo.

"Tazameni!" Mkuu akasema.

Walitazama. Ukaanza kushuka, taratibu, kama mtu anayekaa kitini. Mzee Ukoko alisimama mikono ikining'inia. Mshale haushikiliwi kwa mkono. Mmoja wa wageni alikwisha kuupima ukuta kwa macho, pa kuweka meza za kompyuta.

Mfukoni simu ilitetemeka. Alijua ni mkewe, na kwamba majirani wamekwisha kuambiwa. Aliiacha itetemeke mpaka ikachoka. Ikaanza tena.