Bi Sauda na Mageti Mawili

Kama umewahi kula muhogo wa kukaanga karibu na uwanja wa mpira wa Kilwa Masoko, huenda uliununua kwangu. Kwa hiyo acha mimi nikueleze habari za Bi Sauda, maana kamati haitakueleza. Kamati ikiulizwa inasema fainali ilikwenda salama.

Bi Sauda ni jirani yangu. Amezaliwa Kiswere, akaolewa hapa Masoko angali msichana, na mumewe alipofariki akabaki hapa hapa na kazi yake ya kusuka makuti. Si yale ya kuezekea tu. Anasuka makuti ya kumba, yale marefu ya kuzungushia ua, na anavyosuka yeye hata kuku hapenyezi mdomo. Kucheka kwake kuko karibu, na ubishi wake uko karibu zaidi. Ukimwambia mnazi wako unazaa vizuri, atakuuliza unazaa vizuri kuliko wa nani.

Mtoto aliyebaki naye duniani ni mmoja, Saad. Baba yake Saad alipokufa, alikuja Abdulrahmani, kaka yake Bi Sauda, akamchukua mtoto kumlea Kiswere. Kwa watu wa huku kusini mjomba ndiye mwenye mtoto, hakuna aliyeshangaa. Bi Sauda mwenyewe alimfungia mwanawe nguo. Huko kijana akakua akipiga mpira mchangani, mpaka akawa mshambuliaji ambaye watu wanatoka Mitole kwenda kumtazama. Mama yake hajawahi kumwona akicheza hata dakika moja. Kila mechi ilikuwa mbali, au kulikuwa na msiba, au makuti ya watu yalikuwa hayajaisha.

"Nitamwona tu," alikuwa akiniambia. "Mpira hauhami."

Mwaka huu Kiswere wakaingia fainali na Masoko, na fainali ikapangwa kuchezwa kwetu. Halafu zikaja habari kwamba kuna mtu wa timu kubwa anatoka Dar es Salaam kuja kumtazama Saad, na akimpenda anaondoka naye siku ile ile. Bi Sauda alinijia na habari hizo nikiwa namenya muhogo. Akakaa, akanyanyuka, akakaa tena. Alikuwa ana furaha na alikuwa anaogopa. Mtoto akishachukuliwa na Dar, utamwona lini?

"Mama Leonadi," akaniambia, "safari hii hata kufe mtu, nitakuwa ndani."

Uwanja wetu hauna ukuta. Ili watu walipe, kamati iliamua uzungushiwe ua wa makuti, na ua mwingine utenganishe mashabiki wa timu hizi mbili, kwa sababu mwaka jana walikaa wamechanganyika, wakarushiana mawe, na mwenyekiti mwenyewe alikimbia na kiatu kimoja. Kazi hiyo akapewa Bi Sauda. Wakamlipa yote, sina neno hapo, na juu yake wakampa tiketi ya shukrani. Tiketi ilikuwa ya njano. Njano ilikuwa ya wenyeji, wanaingilia geti la magharibi. Buluu ilikuwa ya wageni, wanaingilia geti la mashariki, na tiketi zote za buluu zilipelekwa Kiswere zikaisha huko huko. Bi Sauda hakujali rangi. Aliifunga tiketi yake kwenye pindo la kanga akaendelea kusuka, na nakuapia hajawahi kusuka kwa makini kama alivyosuka wiki ile. Alikuwa anaijengea fainali ya mwanawe.

Siku yenyewe Masoko ilifurika. Watu walikuja na malori kutoka Lindi, kutoka Nangurukuru, kutoka vijiji ambavyo sijui hata vina timu. Tiketi zikawa adimu kuliko sukari ya mwezi wa Ramadhani. Walanguzi walikuwa wanatembea katikati ya watu wakinong'ona, na bei yao ilikuwa ya mtu aliyeuza korosho juzi. Mimi niliweka karai langu upande wa mashariki, kwenye kivuli cha lori, lakini kwanza nilimsindikiza Bi Sauda mpaka geti la wenyeji, maana nilitaka kuona uso wake akiingia.

Getini alikuwapo mgambo mmoja anaitwa Dominick, kijana mpole kabisa. Walikuwa wamepewa amri: kila mtu aulizwe, asije mgeni akapenya upande wa wenyeji kwa tiketi ya mlanguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama ni wa wapi?"

Swali hilo ukimuuliza mtu wa mjini atakutajia anapolala. Ukimuuliza mtu wa huku kwetu wa rika la Bi Sauda, atakutajia alikozikwa bibi yake mzaa mama. Hajui namna nyingine ya kujibu.

"Wa Kiswere," akasema, tena kwa kujidai. "Kiswere ya asili, si ya kuhamia."

Foleni nzima ikageuka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba wageni wameanza kutuma majasusi wazee. Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

"Mama, huku ni wenyeji tu," Dominick akasema.

"Mimi ni mwenyeji. Nyumba yangu ile pale, paa lake si unaliona?"

"Lakini umesema wa Kiswere."

"Ndiyo, wa Kiswere. Ulitaka niseme wa wapi?"

"Unamshangilia nani leo?"

"Mwanangu. Namba tisa yao."

Nilishika kichwa. Neno moja la uongo lingemwingiza, na mimi nilikuwa nimesimama pale naliona neno hilo, lakini lilikuwa limeshapita. Dominick aliinama akamwambia taratibu, kama mtu anayemwambia mama yake, kwamba watu wakijua ni mama wa namba tisa, na namba tisa akafunga, yeye hataweza kumlinda. Aende geti la wageni. Alikuwa anamtakia mema, na ndiyo maana hapakuwa na wa kugombana naye.

Tukazunguka uwanja mpaka mashariki. Huko alikuwapo Haruna, mgambo mwingine, mwenye jasho na haraka. Hakumuuliza kitu. Alitazama tiketi tu.

"Njano. Zunguka."

"Nimetoka huko, mwanangu, wameniambia nije—"

"Mama, hii njano. Anayefuata!"

Bi Sauda akamshika mkono kijana mmoja wa Kiswere aliyechelewa, akamwomba wabadilishane tiketi. Kijana akamwonea huruma, akafikiri, kisha akasema akienda na njano kwa wenyeji atatoka na meno mkononi. Mlanguzi tukampata, naye ana njano tupu. Bi Sauda akampigia simu kaka yake, ambaye alikuwa ndani. Abdulrahmani akapokea, akapiga kelele "Sikusikii! Sikusikii kabisa!" akakata. Kisha filimbi ya kuanza ikalia.

Bi Sauda akaja akasimama karibu na karai langu, uso ameuelekeza kwenye ua wake. Nilimpa kigoda, hakukaa. Niliona aibu kuwa na muhogo wa moto mbele yangu na wateja wananiita, wakati yeye amesimama vile, na sikuwa na la kumsaidia. Nikamnyooshea kisu changu.

"Kata mwanya mdogo tu. Nani atajua?"

"Nikate kazi ya watu? Walishanilipa."

Basi tukasikiliza. Kwa kuwa mashabiki walikuwa wametengwa, ilikuwa rahisi. Kelele zikitoka mashariki, Kiswere wanashambulia. Zikitoka magharibi, ni Masoko. Mara upande wa mashariki ukalipuka, ngoma zikapigwa, tukasikia jina la Saad linaimbwa na watu wengi kwa pamoja. Bi Sauda alinishika mabega akanitikisa. Alicheka, akapiga vigelegele peke yake huku nje, akamweleza kila mteja wangu kwamba huyo wanayemwimba ni mwanawe. Wateja wakauliza amefungaje. Akasema amefunga vizuri.

Kipindi cha pili kelele zilikuwa zinakwenda na kurudi, mashariki, magharibi, naye alikuwa akizifuata kwa kichwa. Halafu upande wa magharibi ukanyamaza, na upande wa mashariki nao ukanyamaza. Uwanja mzima, na watu wote wale, kimya. Nilisikia mafuta yangu yakichemka.

Bi Sauda alinitazama. Ukimya wa pande zote mbili hakuhitaji kuelezwa. Alichukua kisu mkononi mwangu, akakichoma kwenye makuti yake akavuta kwa nguvu, na yalikuwa yamekazwa, akavuta tena, mpaka pakapatikana mwanya wa kuingia kichwa. Nikainama nyuma yake kutazama. Tuliona migongo. Watu walikuwa wamesimama wote, migongo mitupu, hakuna kilichoonekana kupita hapo. Akawa anaigonga ile migongo kwa ngumi, akiita, "Nani? Ni nani?" na hakuna aliyegeuka.

Kisha geti la mashariki likafunguliwa, pikapu ikatoka. Saad alikuwa amelala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mjomba wake, mguu umefungwa kwa vijiti viwili vya bendera za kona. Nilimwona vizuri. Alikuwa amefumba macho na anauma kola ya jezi yake. Bi Sauda alikimbia na kanga ikamdondoka, akafikia ubavu wa pikapu kwa vidole, akaita jina la mwanawe mara moja. Dereva alikuwa anapiga honi, na honi ndiyo iliyosikika. Pikapu ikashika njia ya hospitali. Nyuma yake likatoka gari dogo jeupe, vioo vimefungwa, namba za Dar es Salaam. Hilo halikwenda hospitali.

Nikaacha karai langu nikamfuata. Bodaboda hapakuwa na hata moja, wote walikuwa ndani wanatazama mpira. Bi Sauda alikuwa amesimama katikati ya njia, kisu changu bado mkononi, vumbi la magari linamshukia. Sikujua nimshike au nimwache.

Haruna alikuwa ameliacha geti wazi, kama wanavyofanya mechi inapokaribia kwisha. Akamwona pale, akamkumbuka ni yule mama wa tiketi ya njano, na nadhani akaona vibaya kwa alivyomfukuza. Akamwita kwa upole.

"Mama, usisimame juani. Ingia tu, sasa hatuangalii rangi. Kaa upande wowote unaoutaka."

Bi Sauda akamgeukia.

"Nimtazame nani?" akamuuliza.

Haruna hakuelewa. Nyuma yake mpira ulikuwa umeanza tena, na watu wa pande zote mbili walikuwa wanashangilia.