Zima, Edinah!

Wekoye aliinama kuokota bisibisi chini ya meza yake pale Kitale, akakiona kisanduku cha kupunguza stima. Lo! Kisanduku hicho kilipaswa kuwa Bungoma, kwa mama yake, pamoja na amplifaya ya marehemu baba, ile kuukuu ya valvu za kioo, aliyoitengeneza na kuituma.

Fundi wa redio maisha yake yote, halafu asahau hivyo! Dude lile liliundwa enzi za stima ya volti mia mbili na ishirini. Stima ya kibandani kwake huja imechoka, kwa hiyo alipolijaribu liliimba vizuri. Lakini Bungoma, transfoma iko nyuma ya jiko la jirani yao, Mama Nakhungu, na volti hupanda mpaka mia mbili hamsini na tano. Dude kuukuu halihimili hayo. Linachemka, linalipuka, na bati lake linaweza kushika stima.

Na Mama hasikii vizuri. Nyimbo za kanisa huzisikia kwa kiganja, mkono ukiwa juu ya bati hilo.

Akampigia dada yake.

"Edinah! Mmewasha amplifaya?"

"Tangu asubuhi, bana! Valvu zinang'aa kushinda zamani. Mama amefurahi ajabu."

"Zima!"

"Eeh, dude ni zima kabisa."

"Nasema zima! Zima, Edinah!"

"Si nimekwambia ni zima? Hata halikwaruzi."

Sasa Wekoye amwambieje mtu huyu? "Chomoa!" akapiga kelele hadi majirani wakachungulia. "Chomoa waya ukutani!"

Kabla hajajibiwa, kitu kililipuka upande wa pili. Edinah akapiga yowe.

"Mama je? Edinah, Mama yuko aje?"

Mtandao ukakwaruza. "...zima," ikaja sauti, kisha simu ikakatika.

Mzima, au amezima? Wekoye alipiga tena, akikosea namba. Mungu wangu, nimemuua Mama.

Simu ikapokelewa. Sauti kubwa ya mtu asiyesikia ikamvamia: "Wekoye! Nimetoa mkono kidogo tu nishike kikombe cha chai, na hii kitu ya baba yako ikaripuka!"

Wekoye alikaa chini sakafuni, akalia. Alisema pole, Mama, pole, tena na tena, ingawa alijua hasikii.