Mchango wa Nalepo

Eliamini Sumari alikuwa mtu wa kusahihisha wenzake. Ukikosea ngeli mbele yake, umekwisha. Atakurudisha darasani hapo hapo, hata kama mko msibani. Alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi kule Terrat mpaka mshahara wa ualimu ukawa wa chumvi na kiberiti. Kisha soko huria likafungua milango, mashirika yakaota Arusha kama uyoga, naye akaiacha chaki akawa mkalimani. Wala usimlaumu, nani asingeiacha? Alivaa tai, akaketi ndani ya kibanda cha vioo na visikilizio masikioni, akageuza Kiingereza kuwa Kiswahili hata kabla msemaji hajavuta pumzi. Akahamia Njiro, mtaa wa wenye nazo. Watu waliendelea kumwita Mwalimu, na jina lile alilipenda kweli kweli.

Mwaka wa tisini na saba wajumbe wa nchi nyingi walikutana Arusha kujiandaa na mkutano mkubwa wa Japani, ule wa kukubaliana nani apunguze moshi na gesi zinazoipasha dunia joto, na apunguze kiasi gani. Basi walivutana hao! Alasiri nzima iliisha wakibishana kama waandike kwamba nchi tajiri "zitapunguza" au "zinapaswa kupunguza". Mwenye viwanda hakutaka neno linalombana, na yule ambaye kisiwa chake kinaliwa na bahari hakutaka neno jingine. Eliamini hakuyachanganya hata mara moja. Wakati wa chai Solomoni, mkuu wa shirika lililoandaa mkutano, alimpigapiga begani akasema, "Mwalimu, wewe ni kiboko." Kichwa kikamvimba.

Kesho yake wageni, pamoja na Solomoni, walipelekwa Oldonyo Sambu wakawasikie wafugaji. Ukame ulikuwa umewapiga watu vibaya; mazizi mengi yalikuwa matupu. Walikusanyika nje ya kanisa la Kilutheri, wazee mbele, akina mama pembeni. Kiongozi wa msafara, mama mmoja wa Ulaya, alisimama akasema kwa upole kwamba watu wa hapa hawana hatia. Gesi yao ni kidogo mno, alisema, nchi tajiri ndizo zilizoichafua hewa. Yalikuwa maneno mema, karibu ya kuomba radhi. Eliamini akayageuza upesi, kwa sauti yake ile ya kibandani:

"Mgeni anasema ninyi wafugaji mnachangia kidogo sana. Nchi tajiri ndizo zinazochangia zaidi."

Sasa wewe mwambie Mtanzania wa miaka ile kwamba anachangia kidogo! Hospitali ilikuwa uchangie, darasa uchangie, Mwenge ukipita uchangie, bado arusi, bado msiba, bado paa la kanisa. Anayechangia kidogo husemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Wazee waliinamisha vichwa. Wakateta kwa Kimaasai, kisha Mzee Lesikar, mwenyekiti wao, akasimama na fimbo yake.

"Tumesikia," alisema. "Ni kweli, mwaka huu tumebaki nyuma. Lakini mkono mtupu haulambwi. Sisi hatukuzoea kubebwa na wageni. Tutachangia."

Akatoa beberu. Mwingine akatoa kondoo. Akaondoka mama mmoja kimya kimya, Nalepo, mjane aliyekaa jirani na kanisa, akarudi anaswaga mtamba, ng'ombe pekee aliyevuka ukame katika zizi la marehemu mumewe.

"Mimi sina mtu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "lakini isisemwe boma langu halikuchangia."

Hapo ndipo Eliamini alipong'amua. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa amejikwaa mbele ya kijiji kizima. Dawa ilikuwa sentensi moja: samahani wazee, neno ni langu, hakuna aliyeombwa kitu. Akafungua mdomo. Akamwona Solomoni anamtazama huku akitabasamu, akaiona tai yake mwenyewe, akaufunga. Mgeni aliuliza wanasema nini. Naye, msahihishaji wa watu, akajibu kwa Kiingereza safi kwamba ni mila yao kuwapa wageni zawadi. Mama wa watu aliweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga, picha zikapigwa.

Mtamba alipakiwa kwenye lori la shirika. Eliamini alijidanganya kwamba Solomoni atamrudisha. Solomoni alimchinja kwa karamu ya kufunga mkutano, bustanini kwake Njiro. Mtamba, jamani, mzima wa afya! Kule kwa wafugaji hata mwendawazimu hachinji ng'ombe ambaye bado hajazaa. Eliamini alipewa sahani akala, maana kutokula kungezaa maswali. Alijiona mtu mdogo sana siku ile, mdogo kuliko mwanafunzi yeyote ambaye yeye aliwahi kumchapa fimbo.

Mwezi wa Desemba redio ilitangaza kwamba Japani wamekubaliana. Aliizima. Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimeanza, njia ni matope matupu, naye akapanda mpaka Oldonyo Sambu. Majani yalikuwa yamefika magotini, na hapakuwa na wa kuyala. Alimkuta Nalepo anapalilia maharage.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Alimweleza yote akiwa amesimama. Kwamba kuchangia kule hakukuwa kutoa, kulikuwa kuchafua hewa. Kwamba mgeni alikuwa anawaambia hawana kosa. Kwamba yeye alijua, akanyamaza kwa kuogopa aibu, na sasa amekuja kumlipa mtamba mwingine.

Nalepo aliegemea jembe. "Kwa hiyo hakuna aliyeniomba."

"Hakuna, yeyo."

"Na yule mtamba yuko wapi?"

"Tulimla."

Nalepo aliyatazama majani yale.

"Mchungaji alinisimamisha kanisani mbele ya watu," alisema hatimaye. "Alisema mjane huyu ameichangia dunia. Tangu mume wangu afe sijaitwa mbele na mtu. Wewe ukileta mtamba hapa, watauliza katoka wapi. Utawaambia nini? Kwamba Nalepo hakusikia Kiswahili?"

"Nitawaambia kosa ni langu."

"Wewe utarudi mjini, Mwalimu. Watakayemcheka ni mimi." Akainama, akaendelea kupalilia. "Usilete kitu. Na usimwambie mtu."

Eliamini alishuka na matope yake. Alikuja kutua mzigo, na mwenye mali amekataa usituliwe. Karibu na kanisa alikutana na Mzee Lesikar, aliyemshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akafurahi kumwona.

"Mwalimu, wale wageni walisemaje?" aliuliza mzee. "Safari hii tulichangia vya kutosha?"

Eliamini akamtazama usoni, kisha akatazama chini.

"Mlichangia vya kutosha, mzee," alisema.